Friji la Moto: Karavani Yangu Kutoka Zuzu Hadi Chemba

Jamani, mmenishinda. Kila nikikaa barazani lazima mmoja wenu aulize, "Fundi, ile safari ya Chemba ilikuwaje?" na kila mara najifanya nimekumbuka kazi gereji. Sasa naandika mara moja, msome wote, halafu tuachane na habari hii. Habari za vibali na barua sitazieleza, hazina utamu wala uchungu. Nitaeleza njia, na niliyoyafanya njiani. Mkiona pa kucheka, chekeni. Pa kutocheka mtapaona wenyewe.

Zuzu hadi mjini

Bwana Ndahani wengi mnamjua kwa sura. Ni mzee wa Kigogo, bwana mifugo maisha yake yote, akapunguzwa kazini serikali ilipoanza kusema kila mtu ajitegemee. Wenzake waliopunguzwa walifungua vioski. Yeye alisema ng'ombe hawajapunguzwa, bado wanaumwa, akaendelea kutibu kwa kujitegemea. Wafugaji wa nje ya Chemba wakamletea habari kwamba homa ya mapafu imeonekana kwenye makundi ya jirani, wakamwomba awahi. Chanjo akaipata. Kilichobaki ilikuwa kuifikisha ikiwa baridi.

"Chanjo hii ni kitu hai, Fundi," aliniambia. "Ikipata joto inakufa. Na ikifa hutaiona kwa macho, chupa inabaki vile vile."

Karavani aliipata Zuzu, kwenye ua wa mradi uliofungwa. Wazungu waliondoka, wakaiacha chini ya mti: nyumba ya tela yenye vitanda viwili, sinki, jiko na friji dogo. Nilikwenda kuikokota kwa Landrova yangu. Safari ni fupi, mtu wa baiskeli hatoki hata jasho, lakini mimi niliondoka asubuhi nikafika mjini adhuhuri imeshaadhiniwa. Kichwa cha tela kilikuwa kikubwa kuliko mpira wa chuma wa kufungia nyuma ya gari langu. Mtu mwenye akili angetafuta mpira wa kipimo chake. Mimi nikafunga kwa mnyororo na waya wa kuanikia nguo. Penye reli tela likachomoka, likapiga pua chini katikati ya njia, na mlinzi wa reli akaja mbio na bendera yake.

"Wewe, treni ina ratiba!" akapiga kelele.

"Treni yetu hii? Ratiba gani hiyo?" nikamjibu. Watu wakacheka, na mimi nikajiona bingwa.

Nilifika pia na mkia unacheza, tela linayumba kulia na kushoto, kwa sababu vitu vyote vizito nilivipanga nyuma. Siku mkikokota tela, uzito uwekeni juu ya ekseli na kidogo mbele yake. Hili nililijua tangu zamani, ila sikutaka kupanga upya.

Gereji nikakaa nayo wiki nzima. Mnakumbuka mlivyokuwa mnapita kunitazama. Nilitia betri ya pili, ya lori. Nikatia taa ya mrija, redio kaseti ya kutoka Dubai na spika nne, na taa za rangi kuzunguka mlango kama gari la harusi. Miaka hii ya ruksa kila kitu kipo dukani, na mimi nikataka kila kitu kiwe ndani ya tela lile. Kitu kimoja tu sikutia, nacho ni swichi ya kutenganisha betri ya gari na betri za tela mtu anapozima injini. Ni swichi ya dakika ishirini kuifunga. Nilisema nitaifunga kesho.

Nyuma ya friji nikakuta kibomba chembamba cha gesi, kimeishia kwenye kijiko cha kuwashia moto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Moto ndani ya friji! Nikawaita na nyinyi mcheke. Nikakata kibomba, nikang'oa kile kijiko cha moto nikakitupa, na mtungi wake wa gesi nikampelekea mke wangu, akanishukuru sana. Friji lilikuwa na waya wa betri pia, nikalifunga huko.

Siku ya kuondoka Bwana Ndahani alipanga chupa za chanjo ndani ya friji kwa mikono yake, akazungushia vipande vya barafu, akatundika kipimajoto. Yeye alikuwa anatangulia kwa lori la mahindi ili akawakusanye wafugaji. Mimi nimfuate na tela. Akanishika bega.

"Fundi, nakuomba jambo moja. Popote utakaposimama, hakikisha friji lina moto."

"Mzee, moto upo wa kumwaga. Ondoa wasiwasi."

Hapo ndipo tulipopotezana. Kwetu sisi mafundi, betri yenye moto ni betri yenye chaji. Yeye alikuwa anazungumzia moto wa kibiriti.

Mjini hadi Haneti

Makutupora nilisimama kununua zabibu. Watu wakazunguka tela, nikawasha taa za rangi mchana kweupe, nikafungua redio. Mzee mmoja akauliza kama mimi ni wa sinema. Nikamwambia mimi ni mtaalamu. Wallahi nilisema hivyo, mtaalamu, na mdomo umejaa zabibu.

Mbele ya hapo barabara ikawa mchanga. Kwenye korongo gari likazama. Mngekuwa nyinyi mngepunguza upepo kwenye matairi, mkapita taratibu. Mimi nikakanyaga mafuta mpaka tairi moja la tela likapasuka kwenye jiwe. Tairi la akiba la kipimo kile sikuwa nalo, kwa sababu nafasi yake nilikuwa nimeweka spika. Wachunga ng'ombe wakanisukuma, nikajikokota hadi Haneti kwa tairi lililolala, nikaegesha karibu na zahanati. Dereva wa lori aliyekuwa akirudi mjini akakubali kuniletea tairi. Aliniambia kesho. Kesho yake ikawa keshokutwa.

Jioni ile ile alikuja mama wa zahanati, Mama Josefina, mtu mzima mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likawa jepesi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, akaomba alione friji, maana na yeye ana la zahanati, la mafuta ya taa. Akachukua sahani, akatia maji kidogo, akaiweka juu ya friji. Maji yote yakakimbilia upande mmoja.

"Baba, limelala upande," akasema. "Haya mafriji yakilala upande hayagandishi. Tia jiwe chini ya gurudumu lile likae sawa. Na moto umewasha?"

"Moto upo, mama."

Akapitisha mkono nyuma. "Mbona huku nyuma hakuna joto la moto?"

"Hili ni la kisasa, mama. Moto wake hauonekani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Haya, mwenye chombo ndiye akijuaye. Lakini kama una wasiwasi hata kidogo, lete hizo chupa nikuwekee kwangu. Kuna nafasi, na barafu ipo."

Jamani, zahanati ilikuwa hatua hamsini. Ningezibeba kwa beseni, nisingechoka. Lakini umati ulikuwa unanitazama, na mimi ndiye fundi wa kutoka mjini mwenye taa za rangi. Nikamwambia asante mama, haina haja. Nikafungua redio zaidi.

Redio ililia jioni ile na kutwa nzima iliyofuata. Mlango wa friji sikuufungua hata mara moja. Asubuhi ya siku ya tatu tairi likafika, nikalifunga, nikapanda garini, nikawasha. Gari likalia tik, likanyamaza. Betri zote, ya gari na za tela, zilikuwa zimenywewa mpaka tone la mwisho. Friji la aina ile likitumia betri lina kiu kuliko taa kumi, linahitaji injini inayonguruma. Ukizima injini usiku mmoja tu unajitafutia balaa, na mimi niliizima kutwa nzima na usiku mbili, tena friji limelala upande vile vile, jiwe la Mama Josefina sikutia.

Nikafungua friji. Barafu ilikuwa maji, na yale maji nikayatia kidole. Yalikuwa ya kuogea mtoto.

Nilifunga mlango haraka, kama mtu aliyechungulia chumba kisicho chake. Mama Josefina alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake. Akauliza, "Kuna nini, baba?" Nikasema redio imekula betri, naomba vijana wa kusukuma. Akaniitia watu. Hata hapo ningeweza kumwambia. Angejua la kufanya, au angalau angejua kwamba hakuna la kufanya. Nikamwambia asante na kwaheri.

Haneti hadi Chemba

Njia nzima sikuzima injini. Nilinunua chakula dirishani, mhogo wa kuchoma, nikala huku gari linanguruma. Kila baada ya mwendo kidogo nasimama, nashuka, nafungua friji, natazama kipimajoto. Kinashuka. Kikishuka na mimi nafurahi, eti. Nikaanza kujidanganya kama mtoto aliyevunja chungu: labda haikupata joto sana, labda zile chupa za katikati zimesalimika, labda mzee anazidisha mambo, wataalamu wa zamani wanapenda kutisha watu. Nilipofika Chemba kipimajoto kilikuwa mahali pale pale Bwana Ndahani alipokiacha. Ungeapa hakuna kilichotokea.

Mzee alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amenisubiri siku mbili na hakuna neno baya alilotoa. Akafungua friji, akasoma kipimajoto, akatabasamu.

"Mungu mkubwa. Fundi, njiani kote lilikaa hivi?"

"Hivi hivi, mzee."

Hakuna aliyenisukuma kusema. Hakukuwa na umati wala redio, tulikuwa wawili tu. Ningesema "mzee, liliharibika Haneti," angenigombeza, tungerudi mjini, basi. Nilisema hivi hivi.

Bomani

Kambi tuliipiga nje ya mji, karibu na boma kubwa la miiba ambako wafugaji walikubaliana kukusanyika. Safari hii niliegesha vizuri, mawe chini ya magurudumu, sahani ya maji juu ya friji, na injini niliiwasha muda wote kwa kisingizio kwamba nafanyia betri mazoezi. Bwana Ndahani alicheka.

Ng'ombe walikuja tangu alfajiri, wengine walitembea siku mbili. Mzee anachoma sindano, msaidizi wa pale kijijini anakata alama sikioni kwa koleo, ili ajulikane kwamba huyu kachanjwa. Mimi nilipewa kazi ya kutoa chupa kwenye friji na kuzipeleka. Nilikuwa nabeba zile chupa za dawa mfu kwa mikono miwili, na kila koleo likilia nafumba macho. Nilihesabu masikio mpaka nikaacha.

Karibu na boma lile aliishi mjane mmoja, Mama Nyemo, mwenye ng'ombe sita. Walipochanjwa alitushika mikono, akatupeleka kwake. "Mbukwenyi, karibuni," akatuketisha kwenye vigoda. Ugali wa uwele, mlenda, kibuyu cha maziwa ya mgando. Kigogo sikijui, lakini Kiswahili chake kilitosha na kubaki.

"Mimi hawa nimewaficha miezi," akasema akinionyesha ng'ombe wake. "Shemeji yangu ana kundi kule kwenye maji, lakini kule ng'ombe wanakohoa. Nikasema hapana. Nawatekea maji kwa ndoo, mbali, mgongo umekwisha. Sasa nashukuru. Watakwenda kunywa na wenzao." Kisha akanigeukia mimi, si Bwana Ndahani. "Na wewe uliyeileta dawa ikiwa baridi njia yote ile, Mungu akuzidishie. Kula, mwanangu. Mbona huli?"

Nikala. Akaniongeza, nikala tena. Kibuyu kikanijia mara tatu, nikakinywa mara tatu.

Siku ya tatu kazi ikaisha, watu wakatawanyika. Chupa chache zilibaki. Bwana Ndahani akaniambia nipumzishe mafuta ya gari, yeye atawasha friji kwa gesi. Akachuchumaa nyuma ya tela na kiberiti mkononi.

"Fundi, mtungi uko wapi? Na hiki kijiko cha moto?"

Nikamweleza nilichong'oa. Alinitazama, halafu, lo, akaanza kucheka. "Kumbe moto! Mimi nasema moto, wewe unasema moto!" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. "Kosa langu, ningesema kiberiti. Lakini kwa kuwa injini iliwaka, njiani lilibaki baridi, sivyo?"

Mzee wa watu alinifungulia mlango wa kutokea kwa mara ya pili. Ilibaki kusema ndiyo. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, na nikafikiria ndoo za Mama Nyemo.

"Hapana, mzee. Haneti barafu iliyeyuka yote. Maji yalikuwa ya moto. Nilijua."

Kicheko kikamkauka. Aliketi pale pale chini, kwenye vumbi, mtu wa umri wake. Hakunigombeza. Akasema, "Nimewakata masikio, Fundi. Ng'ombe wote wale. Nani ataniamini tena nikisema huyu mwenye alama hajachanjwa?"

Boma kwa boma, kwa miguu

Tulikwenda siku nne. Gari tuliliacha, maana huko hakuna njia ya gari, na nadhani mzee alitaka nitembee. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba yeye atatafsiri tu, msemaji niwe mimi. Kila boma nasimama mbele ya watu, nasema, "Dawa niliyoleta ilikuwa imekufa. Ng'ombe wenu wana alama lakini hawana kinga. Watengeni, tutarudi." Wengine waligeuka wakaenda kutazama ng'ombe wao. Mmoja aliniita mwizi. Kijana mmoja akauliza kama nimelewa. Mzee mmoja alinishika sikio langu, taratibu, akalipimapima kwa vidole viwili kana kwamba anatafuta pa kuweka alama, na watu wake wakacheka sana. Nilitamani anikate kweli.

Kwa Mama Nyemo nilikuwa nimepapanga mwisho, na Bwana Ndahani alijua kwa nini. Tulimkuta anasuka kamba mlangoni. Zizi lilikuwa tupu.

Nikasema maneno yangu. Safari hii haikuhitajika tafsiri. Kamba ikamtoka mikononi.

"Nimewapeleka," akasema. "Siku ile ile mlipoondoka hapa. Wanakunywa na wa shemeji."

Halafu akauliza, "Ulijua lini?"

"Tangu Haneti, mama."

"Haneti." Alikuwa ananitazama usoni, kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. "Basi ulipokuwa unakula hapa kwangu, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Akaingia ndani, akarudi na fimbo, akatupita bila kuaga, akaelekea kule kwenye maji kuwarudisha ng'ombe wake. Jua lilikuwa la utosi. Bwana Ndahani akamfuata kumsaidia. Mimi aliniashiria kwa mkono nibaki.

Kurudi, na kwenda tena

Mjini nilirudi peke yangu, nikaingia gereji kwa mlango wa nyuma, ndiyo maana hamkuniona. Spika niliziuza, taa za rangi nikazing'oa. Mtungi niliuomba kwa mke wangu, nikamweleza kwa nini, akalia. Kijiko cha moto nilikitafuta kwenye chuma chakavu nikakikuta, nikafunga kila kitu kama kilivyotengenezwa, na ile swichi nikaifunga pia. Nikaliwasha friji gereji siku tatu kabla ya kuamini. Moto ule ni mdogo, wa samawati, hautoi sauti, na juu yake maji yanaganda. Nilikaa nikautazama sana.

Safari ya pili, na chanjo mpya ndani ya friji, nilisimama Haneti kwa Mama Josefina, nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akaingia zahanati akaniletea barafu ya ziada, akaipanga mwenyewe. Hakuniambia "nilikwambia." Afadhali angesema.

Chanjo hiyo ilimchukua Bwana Ndahani miezi miwili kuipata. Wafugaji waliorudi bomani hawakufika nusu ya wale wa kwanza. Yeye mwenyewe alifungua friji asubuhi na jioni. Hakuniuliza lilikaaje njiani, alitazama mwenyewe.

Mama Nyemo alikuwa na ng'ombe wanne. Wawili walianza kukohoa baada ya kurudishwa kutoka majini, wakafa. Bwana Ndahani anasema huenda wangeugua hata hivyo, ugonjwa ulikuwa umekaribia. Anasema kwa huruma yake, mimi najua Mama Nyemo aliwapeleka majini kwa kuiamini ile alama ya sikioni.

Tuliwachanja wale wanne pale pale zizini kwake. Nilishika pembe, nikashika mkia, nikafanya kila nilichoagizwa. Nilimwamkia, akaitika vizuri, hakuna la kumlaumu. Kazi ilipokwisha alitoa kigoda kimoja, akakiweka kivulini, akamkaribisha Bwana Ndahani ugali. Ugogoni mgeni haachwi aondoke na njaa, mnajua. Mimi nilibaki nje ya zizi, nimekumbatia sanduku la barafu la kubebea chanjo, mpaka mzee alipomaliza kula.